Kusoma Unabii wa Kedari, Dedani na Tema: Mwongozo Hatua kwa Hatua

Unabii juu ya makabila ya jangwa la Arabuni, yaani Kedari, Dedani, Tema na wenzao, haujazi hata kurasa mbili za Biblia. Kuna Isaya 21:11-17, Yeremia 49:28-33, mistari michache ya Yeremia 25, vipande vya Ezekieli 25 na 27, kisha Isaya 42 na 60. Ni maandiko machache, lakini yanavutwa huku na huku kuliko mengi. Mhubiri mmoja anaona humo anguko la Uislamu. Mhadhiri wa upande wa pili, wa Kiislamu, anaona humo Hijra na vita vya Badri. Wote wawili wameruka swali lilelile la mwanzo: nani alikuwa anamkimbia nani, wakati gani, na kwa njia ipi?

Vifaa

Uwe na Biblia mbili za Kiswahili: Union Version ya 1952, inayofuata Kiebrania kwa karibu, na Habari Njema, inayofungua maana. Zinapopishana ndipo pa kuchimba. Itifaki ya Biblia, ile orodha ya maneno na mistari yake, inasaidia sana, na programu ya Biblia kwenye simu yenye sehemu ya kutafuta neno inafanya kazi hiyohiyo. Ramani ionyeshe Yordani, Iraki na kaskazini-magharibi mwa Saudia kwa pamoja, kwa maana ramani nyingi za nyuma ya Biblia huishia ng'ambo kidogo ya mto Yordani, na makabila haya yako nje ya ukingo wake. Mwisho, daftari na penseli. Nasema penseli kwa sababu tarehe moja utaifuta angalau mara mbili.

Tenga jioni tatu: ya kwanza ni ya kukusanya mistari na kupanga majina, ya pili ni ya Yeremia 49, ya tatu ni ya Isaya 21. Usianze na Isaya. Ndiyo sura maarufu, lakini ndiyo ngumu, na anayeanza nayo huishia kubahatisha.

Hatua ya 1: Kusanya mistari yote ya jina moja kabla ya kufasiri hata mmoja

Anza na Kedari. Jina hili limo mara 12 katika mistari 11: Mwanzo 25:13, 1 Nyakati 1:29, Zaburi 120:5, Wimbo Ulio Bora 1:5, Isaya 21:16, 21:17, 42:11 na 60:7, Yeremia 2:10 na 49:28 (mara mbili ndani ya mstari mmoja), na Ezekieli 27:21. Inakili yote kwa mkono kwenye ukurasa mmoja. Ni kazi ya nusu saa.

Kisha andika pembeni ya kila mstari ni wa aina gani: nasaba, shairi, biashara, hukumu au ahadi. Wimbo Ulio Bora unataja hema za Kedari kwa weusi wake, zile hema za singa za mbuzi, na hapo hakuna unabii wowote. Ezekieli 27 ni orodha ya wachuuzi waliofanya biashara na Tiro, na wakuu wa Kedari wamo kwa wana-kondoo, kondoo waume na mbuzi. Katika Yeremia 2:10 Kedari ni ncha ya mashariki tu, kama Kitimu, yaani Kipro, ilivyo ncha ya magharibi. Zaburi 120:5 inamfanya mtu mmoja akae Mesheki, kaskazini ya mbali, na papo hapo akae penye hema za Kedari. Haiwezekani kwa miguu ya mtu. Ni lugha ya mtu aliyechoka kuishi na wapenda ugomvi.

Ukimaliza kuchuja, mistari ya hukumu ni mitatu na ya ahadi ni miwili. Anayehubiri Kedari kwa hukumu tupu amefunika Isaya 42:11, ambapo vijiji vya Kedari vinaambiwa vipaze sauti kwa furaha, na Isaya 60:7, ambapo kondoo wa Kedari wanakubaliwa juu ya madhabahu.

Rudia zoezi kwa Dedani, Tema, Duma, Sheba na Nebayothi. Hayo hayahitaji muda mrefu.

Hatua ya 2: Weka majina kwenye ramani, na uijue mitego yake

Dedani ni chemchemi ya Al-Ula, na magofu yake ni Al-Khuraybah. Tema ni Tayma ya leo, takriban kilomita 130 kutoka Al-Ula ukipima kwa mstari ulionyooka. Duma wa Mwanzo 25:14 ni Dumat al-Jandal, mkoa wa Al-Jawf. Kedari haina mji wa kuchomeka pini. Ni watu wa hema na mifugo waliosambaa kutoka nyika ya Shamu na mashariki mwa Yordani hadi kaskazini mwa Arabuni, na baadaye mpaka mlangoni mwa Misri.

Mitego ni hii.

Tema si Temani. Tema ni mwana wa Ishmaeli na ni mji wa Arabuni. Temani ni wa ukoo wa Esau (Mwanzo 36:11) na ni sehemu ya Edomu, kama ilivyo katika Amosi 1:12 na Obadia 9. Herufi mbili za mwisho zimewapoteza wengi.

Hazori ya Yeremia 49 si ule mji wa Galilaya uliotekwa na Yoshua. Yeremia anasema watu wa Hazori yake hawana malango wala makomeo, na Hazori ya Galilaya ilikuwa na vyote viwili. Neno linakaribiana na *hatser*, yaani ua au kijiji kisicho na ukuta, neno lilelile la vijiji vya Ishmaeli katika Mwanzo 25:16 na vijiji vya Kedari katika Isaya 42:11. Watafsiri wa Kigiriki wa zamani walilisikia hivyohivyo: badala ya "falme za Hazori" waliandika "malkia wa ua".

Nebayothi na Wanabatea waliochonga Petra hufungwa pamoja kwa kufanana sauti. Herufi ya "t" si moja: Nebayothi ina *taw*, Wanabatea wana *tet*, na hizo ni herufi mbili tofauti za Kiebrania na Kiaramu. Usijenge hoja juu ya mfanano huo.

Sheba na Dedani wana nasaba mbili, moja kwa Kushi (Mwanzo 10:7) na moja kwa Ibrahimu na Ketura (Mwanzo 25:3). Sheba ana hata ya tatu, kwa Yoktani (10:28). Msomaji anayetaka nasaba ya damu tupu atakwama hapa. Nasaba hizi zinabeba pia ujirani, biashara na mapatano, jambo ambalo mtu yeyote wa pwani yetu aliyewahi kusikiliza wazee wakieleza ukoo wao hatalishangaa.

Hatua ya 3: Tazama nani anaambiwa nini

Piga mstari chini ya kila kitenzi cha amri. Kwenye Yeremia 49:28 amri ni "ondokeni, pandeni", na wanaoambiwa ni askari wa Babeli, si Kedari. Mstari wa 30 unageuka: "kimbieni" ni neno kwa wenyeji wa Hazori. Mstari wa 31 unarudi kwa askari. Asiyeona mageuzi haya atadhani Mungu anawaambia watu walewale washambulie na wakimbie.

Hatua ya 4: Linganisha na kumbukumbu za nje. Yeremia 49 kama mfano

Hapa ndipo kazi inaponoga, kwa sababu upande wa pili wa habari umesalia. Kichwa cha unabii kinamtaja Nebukadreza waziwazi. Kwenye kibao cha udongo cha Kumbukumbu za Babeli, kilichochapishwa na Donald Wiseman mwaka 1956, tunasoma kwamba katika mwaka wake wa sita, mwezi wa Kislevu, yaani mwishoni mwa 599 KK, mfalme alikwenda nchi ya Hati (Shamu), akatuma vikosi jangwani, vikawapora Waarabu mali, mifugo na miungu yao. Katika mwezi wa Adari akarudi kwake. Mwaka uliofuata majeshi hayohayo yaliuzingira Yerusalemu, ukaanguka Machi 597 KK.

Chora safu mbili kwenye daftari. Kushoto andika vitu vya Yeremia 49:29: hema, kondoo, mapazia, vyombo, ngamia. Kulia andika vya kibao: mali, wanyama, miungu. Vinaoana kwa sehemu kubwa. Tofauti nayo iandike: Yeremia hataji miungu, na kibao hakitaji ngamia kwa jina. Usizipake rangi tofauti hizo.

Angalia pia aina ya vita. Hakuna boma linalozingirwa, hakuna ukuta unaobomolewa. Ni uvamizi wa kupora, na faida yake ni ngamia. Kizazi kimoja na ushei kabla, Ashurbanipali wa Ashuru aliwapiga Waarabu, Kedari wakiwamo, akajisifu kwamba ngamia walijaa nchini mwake hadi wakauzwa langoni pa soko chini ya shekeli moja ya fedha, na mpika pombe akampata ngamia kwa mtungi wa pombe, mtunza bustani kwa fungu la mboga. Ukilisoma hilo, maneno "ngamia zao watakuwa mateka" hayabaki pambo la shairi tena. Ni hesabu ya soko.

Picha za ukutani za kasri lake la Ninawi, ambazo sasa zimo katika Jumba la Makumbusho la Uingereza mjini London, zinaonyesha vita hivyo: Waarabu wawili juu ya ngamia mmoja, wa mbele anaongoza, wa nyuma amegeuka anapiga mshale. Hao ndio "wenye pinde" wa Isaya 21:17.

Kumbukumbu nyingine za kuweka kwenye ratiba yako: Gindibu Mwarabu na ngamia 1,000 katika vita vya Karkari, 853 KK, malkia Zabibe na Samsi chini ya Tiglath-pileseri wa Tatu, Sargoni akiwahamishia Samaria makabila ya jangwani mwaka 715 KK, Senakeribu akiiteka Adumatu, yaani Duma, miaka ya kuelekea 689 KK, na Nabonidus wa Babeli, aliyeishi Tema miaka kumi katikati ya karne ya 6 KK.

Hatua ya 5: Jifunze lugha ya hukumu

Yeremia 49:33 inasema Hazori itakuwa makao ya wanyama wa mwitu, ukiwa wa milele, pasipo mtu. Kabla hujasema "haikutimia, watu wapo" au "imetimia, tazama jangwa", tafuta maneno hayo kwingine. Utayakuta kwa Edomu (49:18), kwa Babeli (50:40), na yale ya mbweha kwa Yerusalemu mwenyewe (9:11). Ni kauli iliyokwisha kupangwa, kama maneno ya hati ya talaka au ya hukumu mahakamani. "Hofu pande zote" nayo ni kauli ya Yeremia, imo katika 6:25, 20:3, 20:10, 46:5 na hapa. Kauli ya namna hiyo inatangaza ukubwa wa pigo. Haikupewa kuwa ramani ya wakazi wa miaka 2,600 baadaye.

Ushahidi wa hili ni bakuli la fedha kutoka Tell el-Maskhuta, mashariki mwa Delta ya Naili, la kama mwaka 400 KK, ambalo sasa limo katika makumbusho ya Brooklyn. Maandishi yake ya Kiaramu yanasema limetolewa na Kainu mwana wa Gashmu, mfalme wa Kedari, kwa mungu wa kike Han-Ilat. Wataalamu wengi wanamwona Gashmu huyo kuwa ndiye Geshemu Mwarabu aliyempinga Nehemia (Nehemia 2:19, 6:1). Basi karibu miaka 200 baada ya Nebukadreza, Kedari ilikuwa na mfalme na fedha ya kutoa sadaka. Na Isaya 21:17 haikusema wataisha. Ilisema mabaki ya wenye pinde watakuwa wachache. Isome taratibu.

Hatua ya 6: Sasa Isaya 21

Kwanza vichwa. Kati ya sura ya 21 na 22 kuna unabii minne yenye vichwa vya mafumbo: jangwa la bahari (21:1), Duma (21:11), Arabuni (21:13), na bonde la maono (22:1). Duma kwa Kiebrania ni pia "kimya", na mwitaji anatoka Seiri, yaani Edomu, ndiyo maana watafsiri wa Kigiriki wakaandika Idumea, yaani Edomu. Inawezekana ni mji wa Duma, inawezekana ni Edomu kwa jina la fumbo. Mimi huandika yote mawili na kuendelea, kwa sababu maana ya mazungumzo haibadiliki: mtu anauliza usiku umebaki kiasi gani, na mlinzi anakataa kumfariji kwa bei rahisi.

Kichwa cha 21:13 kina tatizo kama hilo. Konsonanti za neno linalotafsiriwa "Arabuni" zinaweza pia kusomwa "jioni" au "nyika". Tafsiri ya Kigiriki ilisoma "jioni" kwenye sentensi ya pili: mtalala msituni jioni. Nayo "msitu" ya Union Version usiifikirie kama Msitu wa Kongo. Huko ni vichaka na miti ya bondeni.

Baada ya hapo panga tukio. Misafara ya Wadedani imeacha njia na kulala vichakani, maana njia kuu si salama. Wenyeji wa Tema wanaambiwa wawapelekee wakimbizi maji na chakula. Pima: kilomita 130 kwa msafara wa ngamia waliobeba mizigo, kwa mwendo wa kilomita 30 hadi 40 kwa siku, ni siku tatu au nne. Waliokimbia upanga bila kujaza viriba watafika wakiwa hoi. Amri ya maji ina sababu yake.

Kisha muda. Kiebrania cha kawaida kinasema mwaka mmoja, kama miaka ya mtu wa ijara, yaani kibarua, ambaye hazidishi hata siku moja ya mkataba. Gombo kubwa la Isaya la Kumrani, lile la mapangoni karibu na Bahari ya Chumvi, lina miaka mitatu. Huenda mwandishi alivutwa na Isaya 16:14, yenye miaka mitatu na kibarua yuleyule. Ni mfano mzuri wa kosa la mkono linaloeleweka.

Tarehe ndiyo ya penseli. Wanaotajwa zaidi ni Sargoni, Senakeribu, Ashurbanipali na Nabonidus. Mjaribu kila mmoja kwa maswali manne: Je, alipiga Kedari au majirani zake? Je, Tema ilikuwa bado salama kupokea wageni? Je, njia ya Dedani ilivurugwa? Je, inaendana na mistari 1-10 inayohusu Babeli? Nabonidus anashinda kwenye njia, kwa maana maandishi yake ya mji wa Harani yanataja Tema na Dadanu, yaani Dedani, pamoja. Anashindwa kwenye swali la pili, kwa sababu Tema yenyewe ndiyo aliyoivamia. Waashuri wanafaa zaidi kwa Kedari. Mimi naelekea kwa Waashuri, na penseli bado iko mkononi.

Hatua ya 7: Tenganisha tafsiri na matumizi

Katika mihadhara ya dini mbili, Dar es Salaam hata Mombasa, Isaya 21 husomwa hivi: wakimbizi ni Mtume na masahaba waliohama Maka (Hijra, 622), wenyeji wa Tema ni watu wa Madina, na kuanguka kwa Kedari ni Makureshi, kabila la Maka, kupigwa Badri (624). Heshima kwa msomaji, lakini hoja ipimwe kwa kipimo cha hatua ya 2. Maandishi yaleyale ya Nabonidus yanaorodhesha Tema na Yathribu, ambayo ndiyo Madina, kama miji miwili tofauti, na kati yake kuna zaidi ya kilomita 350. Nabii aliyejua majina ya misafara angeweza kuitaja Yathribu kama angeikusudia. Hoja ya Isaya 42:11, kwamba "Sela" ni mlima Sal' wa Madina, inakumbana na 2 Wafalme 14:7, ambapo Sela ni ngome ya Edomu.

Upande wa kanisani kosa ni lilelile, limegeuzwa nje ndani. Mhubiri anasema Kedari ni Uislamu na utukufu wake utakoma. Pigo lililotajwa lilikuja kwa mikono ya Ashuru na Babeli, zaidi ya miaka 1,000 kabla ya Hijra, juu ya watu waliomtolea sadaka Han-Ilat. Jirani yako Mwarabu wa Oman au wa Lamu hamo katika mstari huo.

Ukitaka kuchukua fundisho, lichukue, ila liandike kwa wino mwingine. Kwenye daftari kila unabii upate mistari mitatu: "Kilichosemwa", "Kilichotokea", "Ninachojifunza". Kwa Isaya 21:14 mstari wa tatu unaweza kuwa: wenye maji wawapelekee wakimbizi kabla hawajaombwa. Mstari huo usiuhamishie juu, mahali pa wa kwanza.

Na akikuuliza mtu kuhusu Isaya 60:7, mwonyeshe ule ukurasa wa jioni ya kwanza. Kondoo walewale walioporwa katika Yeremia 49:29 hapa wanapanda madhabahuni, na aliyewaleta ni Kedari.